Baiskeli ya Bosi

Kazi yangu Riyadh ilikuwa kumfuata bosi kwa gari huku yeye akizunguka jangwani kwa baiskeli, lami kisha kokoto, kupunguza kitambi. Ijumaa moja pumzi zilimwishia katikati ya vichaka vikavu. Akaingia garini, akashika usukani.

“Yalla, ilete baiskeli nyumbani.”

“Bosi, niachie chupa mbili za maji. Haya basi, moja!”

Alikuwa ameshapandisha kioo.

Nilikanyaga pedali kwa viatu vya ngozi, nikimtukana kwa Kiswahili, kila tusi mara mbili. Nilifika midomo imepasuka. Yeye alikuwa kivulini, anakunywa chai.

“Mbona umeichafua? Ioshe.”

Nikafungulia mpira wa maji, nikanywa hadi tumbo likajaa. Baiskeli ilingoja. Naye pia.