Swali la Upande wa Mlangoni

“Na ungekuwa mwanaume, ungepewa?”

Niliulizwa hivyo nikiwa nimesimama mbele ya wafanyakazi wenzangu wote, katika ukumbi wa kiwanda cha kukamua alizeti pale Singida mjini. Tangu nasoma sekondari Kiomboi walimu walikuwa wakiniambia nikae chini niwaachie na wengine nafasi ya kuuliza. Chuo kikuu nilimaliza na sifa hiyo hiyo. Halafu mtu ananiuliza maneno manne, nami nabaki nimeshika kipaza sauti kama niliyeshikishwa mtoto wa mwenzangu.

Aliyeuliza alikuwa kaka mmoja wa idara yetu ya ununuzi, na ndiye aliyenifundisha kazi. Alinionyesha jinsi ya kuingiza mkono hadi katikati ya gunia kuangalia kama alizeti ya chini imekauka kama ya juu, na jinsi ya kumkatalia mkulima mzigo wake bila kumvunjia heshima. Yeye ni Mnyaturu wa Unyambwa, mimi Mnyiramba, kwa hiyo tulitaniana kutwa. Nikichelewa asubuhi aliwatangazia watu kwamba Wanyiramba saa wameijua juzi. Yeye jioni alikuwa na tabia ya kuiangalia saa ya ukutani kila baada ya muda mfupi, na kengele ikilia alikuwa wa kwanza getini. Nilimwambia Mnyaturu amenusa ugali wa kwao. Mke wake alikuwa muuguzi aliyehamishiwa Itigi, tukawa tunamwita bachela, naye anaitika.

Mwaka huo makao makuu Dar es Salaam walituletea mpango wa utofauti na ujumuishi. Kwanza lilikuja bango lenye picha ya wafanyakazi wanaocheka, hata mmoja hatumjui. Mambo yenyewe yakafuata kwa barua pepe, na yenye uzito yalikuwa mawili. Nafasi za usimamizi zikitangazwa, mwanamke apewe kipaumbele. Na mama mwenye mtoto mdogo aruhusiwe kutoka saa tisa badala ya saa kumi na moja.

Mimi sikuuamini mpango ule. Nilikuwa nauliza mezani, nauliza kantini, nauliza hata kwenye kundi la WhatsApp la idara mpaka nikaombwa nipumzike. Vibarua wanaobeba magunia kwa msimu bila mkataba, wao wanajumuishwa wapi? Na kama kampuni ilikuwa inatuona wanawake tunaweza kusimamia, ilikuwa inasubiri bango la nini? Lakini wakati nauliza yote hayo, nilikuwa nimeshaomba nafasi ya msimamizi wa kituo kipya cha ununuzi Nduguti. Tulioomba tulikuwa wawili, mimi na yule kaka, na kiwanda kizima kilijua. Yeye alikuwa na miaka mingi kazini kuliko mimi. Kila nilipojiuliza naitaka ile nafasi kwa haki gani, nilianza kutikisa mguu chini ya meza na kuwasumbua waliokaa jirani.

Mwezeshaji aliyetumwa kutoka Dar alikuwa dada mchangamfu. Akasema hatutaki mhadhara, tufanye mdahalo: upande wa madirishani utetee mpango, upande wa mlangoni upinge. Mimi nilikuwa dirishani, kwa sababu nisipopata upepo siwezi kukaa mahali pamoja. Yule kaka alikuwa mlangoni, kama kawaida yake, karibu na kutokea.

Neno mdahalo likaturudisha shuleni. Mzee wa mizani, anayekaribia kustaafu, alisimama akafunga kifungo cha koti na kusema, “Mheshimiwa mwenyekiti, katibu, mtunza muda, na wapinzani wangu wasio na hoja.” Mwenyekiti hakuwepo wala katibu, lakini tulipiga makofi. Dereva mmoja wa mlangoni akasema mke wake ndiye meneja wa kila kitu nyumbani, sasa anataka kipaumbele gani tena. Akina mama wa maabara wakamjibu kwamba kama ni hivyo akamwombe huyo meneja likizo, wao wamechoka kumsikia.

Zamu yangu ilipofika nilitetea jambo nililokuwa nalikosoa wiki nzima, na nilipoanza nikaona natetea vizuri. Hilo lilinitia wasiwasi, kwa sababu nilijua sauti ile. Ni sauti yangu ya kutafuta ushindi, na haijali sana kama inachosema ni kweli. Nilisema mtu ambaye akili yake iko kwa mtoto aliyeachwa kwa jirani hawezi kupima unyevu wa alizeti sawasawa, kwa hiyo hizo saa mbili kampuni haipotezi kitu. Nilikuwa nimemaliza habari ya saa za akina mama, nageukia nafasi za usimamizi, ndipo yule kaka akasimama bila kunyoosha mkono. Hakuwa na uso wa utani.

“Na ungekuwa mwanaume, ungepewa?”

Ukumbi uliangua kicheko. Mtu mmoja nyuma akasema, “Nduguti hiyo,” wakacheka tena. Nikasema kitu kuhusu historia, kuhusu wanawake walivyonyimwa elimu, maneno ya kweli lakini hayakuwa jibu, na nilijua yeye anajua. Akakaa. Mwezeshaji akatushukuru kwa mjadala wenye afya, tukaenda kunywa chai na maandazi.

Nilirudi nyumbani kwa miguu siku hiyo ingawa ni mbali. Ungekuwa mwanaume, ungepewa? Alama zangu za chuo zilikuwa nzuri, lakini wanaume wenye alama nzuri nilisoma nao wengi na wako mitaani wanatafuta kazi. Nilijua Kinyiramba, na Nduguti hilo ni jambo kubwa, lakini hakuna aliyeniuliza habari ya Kinyiramba kwenye usaili. Sikuwa na namna ya kuuondoa uanamke wangu nikaona kinachobaki kinatosha au hakitoshi.

Kabla mwezi haujaisha nikapewa Nduguti.

Nilimfuata yule kaka mapokezi ya mazao, nikamkuta anashona mdomo wa gunia kwa sindano kubwa ya magunia. Nikamuuliza kama ana hasira na mimi.

“Hasira ya nini? Nenda kawasemeshe wajomba zako Kinyiramba chenu. Mimi wangeniuzia mchanga.”

Nikamwambia swali lake bado sijalijibu, nalitafutia jibu. Akavuta uzi, akaukata kwa meno.

“Lile swali halikuwa lako,” akasema.

Nililitafuna neno hilo safari nzima ya basi kwenda Nduguti. Nililielewa kama dharau: kwamba mimi ni picha tu kwenye bango la watu wengine, na picha haiulizwi kitu.

Nikafanya kazi kama mtu anayechunguliwa dirishani. Nilipanga chumba karibu na ofisi mpya za serikali, ambako vumbi la ujenzi lilikuwa halijatulia. Magunia yaliyokwisha kupimwa niliyapima tena. Wazee niliwaamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha nikakataa alizeti yao yenye unyevu, nao wakaniambia kwa Kinyiramba kwamba mama yangu hakunilea hivyo. Msimu ukienda vizuri nilijiambia mwanaume naye angefanya vile vile. Mzigo ukiharibika nilijiambia ndiyo maana. Mara kadhaa niliandika ujumbe wa kuacha kazi kwenye simu, nikausoma, nikaufuta, kisha nikakasirika kwa nini nimeufuta. Akaja mpiga picha kutoka Dar. Akaniambia nishike gunia nicheke, na nikacheka. Nadhani kuna kiwanda mahali fulani ambako watu waliliangalia bango lenye picha yangu wakasema huyu naye nani.

Yule kaka aliacha kazi msimu uliofuata. Nilisikia amefungua duka la mbegu huko kwao Unyambwa. Hakuna aliyenilaumu, lakini mimi nilikuwa na hakika yangu: mtu aliyenifundisha kazi nilimzibia njia, na kilichonisaidia kumzibia ni mpango ambao hata sikuuamini. Nilipokwenda Singida mjini nilikwepa barabara inayopita dukani kwake.

Miaka ikapita. Nilikuwa nimeshaondoka kampuni ile siku nilipompeleka mama yangu hospitali Kiomboi kupima presha. Muuguzi alisoma jina langu kwenye kadi ya mama, palipoandikwa ndugu wa mgonjwa, akaniangalia, akaniuliza kama niliwahi kusimamia kituo cha alizeti Nduguti. Nikakubali.

“Kumbe ndiye wewe Mnyiramba,” akasema, akacheka. “Mimi ni wifi yako.”

Alikuwa mke wa yule kaka, amehamishwa kutoka Itigi. Wakati anamfunga mama ule mkanda mkononi, mimi nikaanza kujieleza bila kuulizwa: kwamba Nduguti ilikuwa ya mume wake kwa haki, kwamba najua ni ule mpango ulioniweka pale, kwamba siku zote nimetaka kuja kumwona. Akaniashiria ninyamaze.

“Usimtie mama wasiwasi sasa hivi, wifi, nitapata presha isiyo yake.”

Akasikiliza, akaandika namba, akafungua mkanda. Kisha akaniambia kwamba Nduguti mume wake alijitoa mwenyewe, kabla ya siku ile ya mdahalo. Yeye muuguzi alipopelekwa Itigi, binti yao mdogo alibaki Unyambwa na baba yake, na jirani aliyemtunza mchana hakukubali kukaa naye giza likiingia. Nduguti hawakuwa na jirani wa hivyo. Kwa hiyo mume aliandika makao makuu kuomba zile saa mbili za mpango mpya, atoke saa tisa, aende Nduguti na mtoto. Wakamjibu kwamba saa hizo ni za akina mama, mwanaume hapewi.