Namba Ndogo za Mama Veneranda

Kuna asubuhi moja ninayoikumbuka kila ninaposhika goti la mtu, mwanangu. Nakuita mwanangu ingawa umri wangu bado hauniruhusu, nivumilie. Kazi hii ya kunyoosha viungo humzeesha mtu kuanzia kwenye vidole gumba, na vya kwangu siku hizi vina umri wa bibi yako. Wewe ndiyo kwanza unaianza. Najua una maswali. Mimi nilikuja na maswali mengi kuliko nguo.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu Kigali, nikapata kazi kwenye kliniki ndogo hapa Gisenyi, yenye ngazi saba za mawe meusi ya volkano mlangoni. Ndiyo, kliniki ya magoti yenye ngazi saba. Hilo nalo niliuliza siku ya kwanza, hakuna aliyenijibu.

Aliyenipokea ni Papa Deo, mtaalamu wa viungo aliyesomea Goma na kufanya kazi pande zote mbili za mpaka hadi nywele zikamwisha. Wagonjwa wake wengi walikuwa wazee wenye magoti yaliyolika. Gegedu laini iliyoko kati ya mifupa imechakaa, na pia ya goti, kile kifupa cha mviringo kilichoko mbele, inavutwa upande wa nje badala ya kuteleza katikati. Papa Deo alimlaza mgonjwa, akaweka taulo iliyokunjwa chini ya goti, kisha akaisukuma ile pia taratibu kwa vidole gumba kuelekea ndani, tena na tena, huku akizungumza habari za bei ya viazi. Mimi nilisimama pembeni na daftari.

"Papa, ukishaisukuma, inakaa?"

"Haikai. Magaribi inarudia fasi yake ya zamani."

"Sasa unaisukuma ya nini?"

"Juu mutu iko anaumwa sasa, Profesa. Akisikia nafuu kidogo, ile mazoezi atafanya. Bila nafuu, atakuambia tu nafanya, nafanya."

Aliniita Profesa kwa dhihaka, na mimi, kwa ujinga wangu, nilikuwa nalipenda jina hilo. Jibu lake sikulipenda. Chuoni tulifundishwa kwamba goti la namna hii linasaidiwa zaidi na misuli kuliko na vidole vya mtu, na hilo ni kweli hata leo. Nikaamua nitamwonyesha.

Nafasi yangu ikaja na Mama Veneranda, mjane wa miaka sabini hivi kutoka Kanama. Alikulia Tanzania, upande wa Karagwe, kabla familia yake haijarudi Rwanda, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Aliishi peke yake mlimani, na shamba lake la maharage lilishuka kwa matuta kuanzia nyuma ya jiko. Mwanawe wa kwanza, Innocent, mfanyabiashara wa hapa mjini, alikuwa amemwandalia chumba nyumbani kwake, mtaa wa Nengo: choo cha kukaa, sakafu ya vigae, hakuna mteremko. Alitaka mama ahamie kabla ya mvua za kupanda. Hakuwa mtu mbaya. Siku ya kwanza alimwambia mbele yangu, kwa sauti ya upole kabisa: "Mama, daktari akisema goti limeshindikana, tunahama. Akisema linapata nafuu, sitakusumbua tena."

Hivyo goti likageuka kesi, nami nikawa hakimu. Wala sikustuka. Nilijiona mkubwa.

Nilimpa mazoezi matupu, bila kumgusa. Apande kidato kimoja cha ngazi, ashuke, mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Na kila Jumanne alipokuja nilimuuliza swali lile lile: "Mama, tukianza na sifuri hadi kumi, leo maumivu ni ngapi?" Innocent alikuwa ameketi pale pale, kofia mapajani, kwa sababu kwetu mtoto mwenye heshima hamwachi mzazi peke yake mbele ya daktari. Siku ya kwanza mama alisema nane. Innocent akashusha pumzi, akatazama sakafu. Jumanne iliyofuata alisema sita. Halafu tano. Halafu tatu. Wiki ya sita akasema mbili.

"Na mazoezi unafanya?"

"Nafanya, mwanangu. Kila siku."

Nilikwenda kwa Papa Deo nikiwa nimeshika daftari kama mtoto aliyeshinda mtihani. "Ona. Sijamgusa hata mara moja."

Alivaa miwani, akasoma namba zote polepole. "Bon. Iko namba muzuri sana. Ameshatoka?"

"Anatoka sasa hivi."

"Basi achana na hii kitabu. Kuja hapa kwa dirisha."

Innocent alikuwa ametangulia kuwasha gari. Mama Veneranda alisimama peke yake juu ya zile ngazi saba. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu anayetaka kuchuma pera la jirani. Kisha akaigeuzia barabara mgongo, akashika chuma cha pembeni kwa mikono miwili, na kushuka kinyumenyume, mguu mmoja mmoja, kama fundi anayeshuka kutoka juu ya paa. Alipofika chini alijigeuza, akakaza kitenge chake, akaenda kwenye gari akitabasamu.

"Eh, Profesa," alisema Papa Deo. "Ile ndiyo mbili?"

Nilishuka mbio nikamrudisha. Papa Deo, aliyenifuata, akamwinamia Innocent kwenye dirisha la gari: "Patron, hii voiture umefunga mulango ya watu. Isogeze kidogo, tafazali." Gari halikuwa limeziba mlango wa mtu yeyote.

Ndani nilimuuliza mama kwa nini alinidanganya. Hakuona haya hata kidogo.

"Ulikuwa unaniuliza mbele ya mwanangu. Ningesema nane mara ya pili, leo ningekuwa Nengo, nimekaa natazama vigae. Halafu..." Alinitazama kwa huruma ambayo bado inaniuma. "Niliona unavyofurahi ukiandika namba ndogo. Nikasema, maskini, mtoto huyu naye ana wakubwa wake."

Papa Deo hakunisema. Alinishika mkono tu, akauweka juu ya goti la mama. Kwanza nilisikia joto. Goti lilikuwa limevimba, na lililolivimbisha ni kidato changu, kilichopandwa na kushukwa kila siku na mtu ambaye tayari anapanda na kushuka matuta. Kisha nikaisikia ile pia, imeng'ang'ania upande wa nje kama droo iliyovimba kwa mvua. Chini yake palikuwa na mkwaruzo, kama mtu anayetembea juu ya changarawe. Nyama ya paja, upande wa ndani, ilikuwa imesinyaa. Yote hayo yalikuwa pale wiki sita nzima, karibu na kalamu yangu.

"Polepole," alisema Papa Deo. "Usipigane nayo. Usiangalie goti, angalia uso yake."

Nilisukuma. Mama akasema "Yewe!" na hiyo ndiyo ilikuwa habari ya kweli ya kwanza aliyonipa. Baada ya dakika chache vidole vyake vya miguu, ambavyo vilikuwa vimekunjika, vikalegea. Papa Deo akamfundisha zoezi jingine: akae kwenye kiti, anyooshe mguu, ahesabu hadi tano, ashushe. Vidato aviache kwanza.

Mlango ukafunguliwa, Innocent akaingia. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ili nianze kueleza. Mama Veneranda akaniwahi.

"Innocent, goti linauma sana. Linauma tangu mwaka jana. Na sihami."

Innocent aliketi. Aliizungusha kofia mikononi. "Sasa Mama, mbona ulikuwa unasema mbili?"

"Kwa sababu wewe ulikuwa unangoja nane."

Papa Deo akasogeza kigoda kwa mguu. "Kuja hapa, patron. Leta mukono."

Msimu ule mama alipanda matuta matatu ya juu tu. Ya chini alimwachia jirani. Innocent alianza kwenda Kanama kila Jumapili baada ya ibada. Hadi leo anakwenda. Anapiga magoti kwenye mkeka na kumsukuma mama yake ile pia kama alivyofundishwa, huku analalamika kwamba mgongo wake mwenyewe unauma, na mama anamwambia akae vizuri. Goti halijapona. Halitapona, mwanangu, sitakudanganya, kilicholika hakirudi. Lakini anashuka shambani uso mbele, kwa fimbo, na analala kwake.

Papa Deo amestaafu. Vidole gumba vyake haviwezi tena kufungua chupa ya maji. Mimi ndiye niliyekaa kwenye kigoda chake, na kuna jioni nikitoka hapa nashuka zile ngazi saba nikiwa nimeshika chuma. Bado sikubali yote aliyoniambia. Bado nauliza ushahidi uko wapi, na mara nyingi ninaoupata ni mdogo. Nimechoka kuuliza, lakini sijaacha.

Basi nakusihi hivi. Kuwa na shaka, hata na mimi. Ila mguse mtu kabla hujamwandika. Mzee muulize akiwa peke yake, hata kama ni lazima usogeze gari lisiloziba mlango. Asilione kwenye uso wako jibu unalolitaka, maana wazee wetu wana adabu, watakupa. Na akishaondoka, nenda dirishani. Ukiwa wewe ndiye mtoto wa mzee mwenye magoti mabovu, usimwekee nyumba yake kwenye mizani ya jibu moja. Mwache akuambie anaumwa bila kuogopa kwamba utamhamisha.

Mungu akujalie vidole gumba vya kudumu kuliko vyangu. Wazee waje kwako na wawe huru kusema nane. Na siku magoti yako nayo yatakapolika, maana yatalika, upate mtu wa kuyashika kabla ya kukuuliza.