Utepe Mweusi Juu ya Mbuzi

Mbuzi ni mnyama mfupi, na taabu ya Evas ilianzia hapo. Kila video ya utambulisho wa wachumba anayoitengeneza hapa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, ina mbuzi wa mahari, na mbuzi wakiingizwa uwanjani wanapita chini kabisa ya picha, palepale yanapokaa maandishi ya maneno yanayosemwa. Ukiyaweka meupe, yanapotelea kwenye mbuzi weupe. Ukiyaweka ya njano, yanamezwa na vitenge vya mashangazi, ambao kitenge cha rangi moja hawakitaki hata cha bure. Ukiyapandisha juu, yanaziba uso wa mzee fulani, na mzee huyo utamwona mlangoni kesho yake. Dawa ni moja tu: utepe mweusi nyuma ya maneno. Hapo hata mwenye macho mabovu atasoma. Lakini utepe unafunika mbuzi, na video ndiyo shahidi wa mbuzi, kwa hiyo Zedekia mwenye studio alikwisha kuupiga marufuku.

Evas alikuwa akizunguka na ugonjwa huo kwa harusi za watu. Safari hii video ilikuwa yake mwenyewe.

Anaipenda kazi hii, na nalisema wazi kwa sababu watu wake walijifanya hawalijui. Ezéchiel, mchumba wake, mwana wa wafanyabiashara Wakongo wa Butembo, alimwahidi kwamba wataishi Bwera naye Evas ataendelea na kazi yake ya studio. Kwa ahadi hiyo Evas alikubali kuolewa. Siku ya utambulisho alifungiwa ndani na mashangazi, kama bibi harusi yeyote, akisikia vigelegele tu kupitia ukutani.

Nje, baba yake Yonasani aliketi mbele. Mzee huyu ni mwanajeshi mstaafu, na homa ilimnyang'anya masikio zamani. Kiswahili alikijulia jeshini, na kukisoma anakisoma vizuri. Penye mkutano, mdogo wake Yeseri huketi ubavuni pake na kumgusa goti kila ufikapo wakati wa kuitikia. Ukoo mzima uliuona mpango huo kuwa mzuri, hasa Yeseri.

Basi Evas akawa anaandika maneno ya chini ili baba naye ajue yaliyosemwa. Alipofika pale mbuzi wanapopita, akamsikia Jean-Bosco, msemaji wa upande wa bwana harusi, akisema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mutoto atavuka na sisi. Ataikala Butembo kwa mama mukwe. Ile kazi ya mapicha ataacha."

Baba yake akatikisa kichwa kukubali. Watu wakapiga makofi. Evas alirudisha nyuma akasikiliza tena.

Alimpigia Ezéchiel. Akajibiwa kwamba wazee wameshasema, yeye ni nani mbele ya wazee. Mashangazi nao walijua siku ileile, na kila mmoja alidhani mwenzake amemwambia. Wa kuvunja maneno yale alikuwa mmoja tu, baba, kwa kurudisha mbuzi. Na Jumamosi kaka yake Nobert angewapeleka mbuzi haohao Nyakiyumbu, wawe mahari ya mke wake. Wakishafika kule, hakuna atakayewarudisha. Kumweleza baba kwa mdomo wake Evas hakuthubutu, maana binti hafungui maneno ya mahari mbele ya baba yake. Lakini video ni video, itasema yenyewe.

Yeseri hakuwa mjinga; alijua kaka yake akiyasoma maneno yale atauliza nani aliyemgusa goti. Alikuja studio, akavuta kiti, akaagiza maandishi ya dhahabu, membamba, ya kulala upande, yenye vimaua pembeni. Akasema yanapendeza. Evas aliyajaribu mbele yake. Juu ya mbuzi na vitenge hakukusomeka hata neno moja, na Yeseri akasifu sana, akaenda zake.

Evas akabaki na sentensi ile. Aliipa ukingo mweusi, ikazama. Aliipa kivuli, ikazama. Aliinenepesha, ikawa kama majani yaliyomwagwa juu ya migongo ya mbuzi. Kutwa nzima aliipitisha na kuirudisha, macho yakiwa kwenye herufi tu, naye akajiona amefungiwa ndani tena, safari hii bila hata mashangazi. Mwishowe akaweka utepe, mweusi tititi, chini ya sentensi hiyo moja. Zedekia na amfukuze akitaka.

Ijumaa akamwita baba yake, akamkalisha mbele ya kompyuta. Mzee alifurahi. Alicheka alipoliona koti lake, akasema limembana. Kisha utepe ukaja, na maneno meupe juu yake, wazi kuliko kitu chochote katika video ile. Yonasani akasoma. Evas akangoja ile sauti ya kijeshi ambayo utotoni aliiogopa, na ambayo leo aliitamani kwa moyo wote.

"Rudisha nyuma," alisema mzee.

Akarudisha. Mzee akaweka kidole juu ya kioo, palipokuwa na mkono wa Yeseri. Mkono ulikuwa umeshika chupa ya soda. Kichwa cha baba kilitikisika kwanza, na ndipo mkono ukaiacha soda ukaja kugusa goti. Evas alikuwa ameipitisha picha hiyo kutwa nzima na hakuona kitu ila herufi.

"Mimi nasoma midomo, Evas. Hata kule soko ya Mpondwe, nasoma midomo tu. Ile siku niliona yote. Mbuzi ilikuwa imeshaingia, watu imejaa, na Nobert iko anangoja. Ningesema nini?"

Kumbe maneno yale hayakumpita baba yake hata siku moja, na Evas ndiye aliyekuwa akihangaika kuyafanya yaonekane. Ilimuuma kuliko alivyoumizwa na Ezéchiel na Yeseri wakiwekwa pamoja.

"Toa hii kitu nyeusi," mzee akaongeza kwa upole. "Mbuzi haionekani."

Evas aligeuza kiti mpaka magoti yao yakakutana. Akasema polepole, akifungua kinywa vizuri kwa kila neno:

"Baba, sitaki kwenda."

Lakini Yonasani alikuwa ameshayarudisha macho kwenye kioo, na hakuyaondoa pale, akingoja mbuzi waonekane.