Wanataka Nishike Msahafu kwa Habari za Redio

(Jina la dada huyu tunalo sisi wenye ukurasa, na litabaki kwetu.)

Wasomaji wenzangu, salaam. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na minne, nimeolewa hapa Bwera, mpakani na Kongo, nina mtoto mmoja wa kike, Asha. Nilizaliwa Karambi kwa wakulima Wakristo, nikasoma shule ya misheni hadi Kiingereza kikaniingia. Kisha nikampenda mfanyabiashara Mwislamu, nikasilimu, tukaoana. Baba yangu aliniambia mlangoni, "Ulikokwenda ndiko kwenu." Tangu siku hiyo sijakanyaga kwake.

Mume wangu alipopeleka kahawa Kasese, alirudi na redio ya betri. Hakuna nyingine karibu na duka letu. Jioni wanaume hujaa barazani kusikiliza mambo ya dunia, na tangu vita vya Mfereji wa Suez vianze, hata pa kuweka mguu hapana. Lakini habari inasomwa kwa Kiingereza, na anayekijua ni mimi tu. Na mke wa mtu hakai na wanaume. Basi mimi hukaa ndani, nyuma ya pazia, redio ikisema nami nasema kwa Kiswahili, wao wanasikia sauti tu. Mwanzoni nilijivuna, sitawaficha. Wazee wenye ndevu walikuwa wakiambiana, "Nyamazeni, Mama Asha anasema!"

Wote walitaka Misri ishinde. Hata mimi nilitaka. Lakini jioni moja redio ikasema Waingereza na Wafaransa wameshuka kwa miavuli, na mji ulio mdomoni mwa mfereji umetekwa. Nikasema hivyohivyo nilivyosikia. Papo hapo Mzee Salumu, anayeleta samaki wa chumvi kutoka ng'ambo ya Kongo, akapaza sauti. "Huyu mwanamuke iko natuletea maneno ya bazungu! Moyo yake ingali ku misioni!" Wengine wakaitikia. Wakaondoka, chai wakaiacha inapoa. Wahenga walisema mjumbe hauawi, lakini wahenga hao hawakupita Bwera.

Mume wangu aliingia amevimba. "Unanitia aibu mbele ya watu. Kesho useme Misri wameuchukua mji wao."

"Baba Asha, redio haikusema hivyo."

"Redio ni ya nani?"

Nikasema alivyotaka. Ee Mola, mngesikia shangwe! Kesho yake wakataka zaidi, nikawapa zaidi: Waingereza wamesukumwa hadi ufukweni, ndege zao zimeanguka. Mzee Salumu akachinja mbuzi na kuniletea paja zima, akisema sasa nimekuwa Mwislamu kweli. Niliipika nyama ile nikilia, mume wangu akadhani ni moshi.

Nikafikiri vita vitaisha na uongo wangu utaisha navyo. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni. Alikuja dereva mmoja wa lori, Juma, akakuta watu wanashangilia. Akacheka. "Nyinyi munashangilia nini? Mimi natoka Kasese. Pale stesheni watu wanasoma gazeti, inasema ile mji bado iko kwa Wangereza." Mzee Salumu akamwita msaliti, Juma akamwita mjinga, wakashikana mashati. Walipoamuliwa, wakakubaliana jambo moja tu: mwanamke wa nyuma ya pazia aape. Nishike msahafu mbele ya mwalimu wa msikiti kwamba kila nililolisema limetoka redioni. Na mume wangu, bila kunitazama, akajibu, "Ataapa. Mke wangu hana cha kuogopa."

Mwalimu amesafiri kwenda Tanga kwa wazazi wake. Akirudi tu, ndiyo siku yenyewe.

Usiku huo nilimwuliza mume wangu, "Na Mungu je?"

Akasema, "Mungu anajua kuwa nyumba hii ina mtoto. Ukikataa, rudi Karambi. Asha atabaki."

Karambi gani, jamani? Nikiapa, nimeapa uongo kwa kitabu nilichokipokea kwa hiari yangu. Nikisema ukweli, mume wangu ataonekana mwongo mbele ya wateja wake wote, na atanipa talaka kabla ya magharibi. Nikikaa kimya, watasema shahada yangu ilikuwa ya kuolewa. Nimejaribu kusingizia ugonjwa. Nimejaribu kusema betri imekufa, mume wangu akanunua nyingine siku ileile. Nina hasira naye, na ninampenda, na sijui kipi kinaniumiza zaidi.

Na jana limetokea jambo lililonimaliza. Niliketi nyuma ya pazia, nikasikia redio inasema Waingereza na Wafaransa wameanza kuondoka, wanapanda meli, mji utarudishwa kwa wenyewe. Nilisikiliza mpaka mwisho. Nikawaambia neno kwa neno, sikuongeza, sikupunguza. Barazani watu walikumbatiana.

Walipotawanyika, mume wangu akaja ndani anatabasamu, akaniwekea mkono begani, akaninong'oneza, "Leo umeitunga vizuri kuliko siku zote."

Niliapa kwake kwamba nimeisikia. Akacheka, akasema, "Hivyohivyo. Ukiapa kwa sauti hiyo mbele ya mwalimu, hakuna atakayekushuku."

Ndugu zangu, mwalimu yuko njiani. Nishaurini, nifanye nini?