Homa Haiulizi Jina

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani: asubuhi ambayo mtoto wangu wa tatu alikuwa alazwe kwenye jalala la majivu. Kaa nikusimulie. Juzi ulipokuja kutoka mjini Kakamega ulinionyesha kwenye simu yako ramani ya nchi iliyopakwa rangi, pale watoto walipokufa kwa wingi pakiwa pekundu, na pale walipopona pakiwa peupe. Katika ramani ya zamani upande wetu ulikuwa mwekundu kama pilipili. Katika ya sasa wekundu umefifia, ingawa haujaisha. Ukacheka ukasema, "Kuka, kumbe sisi tulizaliwa mahali pabaya. Ni bahati tu." Sikukujibu, kwa sababu chai ilikuwa inapoa na hasira ilikuwa inapanda, na kuka, yaani babu, hapaswi kujibu mjukuu akiwa na vyote viwili. Leo nakujibu.

Unajua naitwa Makokha, lakini hujawahi kuuliza kwa nini. Kabla yangu mama alikuwa amezika watoto. Hapa kwetu mama aliyefiwa hivyo akizaa tena, mtoto alipelekwa jalalani, pale yanapomwagwa majivu na maganda, akalazwa kama kitu kilichotupwa. Shangazi, senge kama tunavyomwita, alijifanya anapita zake, amwone, apige kelele: "Nani ametupa mtoto? Basi mimi nimeokota!" Mtoto alirudishwa nyumbani na jina la jalala, kama hili langu, ili kifo kikija kimwone ni takataka, kipite. Usicheke. Watu wale hawakuwa na kitu kingine cha kuwakingia watoto wao, wakawakinga kwa jina.

Nilipopata nguvu za kushika jembe, niliitwa pamoja na vijana wenzangu kuchimba makaburi, na mengi yalikuwa madogo. Ugonjwa wa surua ukipita, tulichimba. Mvua ikiisha na mbu wakijaa, tulichimba. Mimi mwenyewe nilioa, nikazika mtoto wa kwanza, nikazika wa pili. Baadaye nilipata kazi ya uashi Nyeri, na huko mvua zilikuja zikapita bila mimi kuitwa kuchimba kaburi dogo hata moja. Wazee walikufa, ndiyo, lakini watoto walikua mpaka wakawa watukutu, wanakanyaga saruji yangu mbichi. Niliumia sana, mwanangu. Nilikuwa nikiwatazama wakicheza nawaza kama Mungu wao na wetu ni mmoja.

Basi nikatafuta sababu kwa akili yangu ya ujana. Nikaona kwamba wenzetu wale humpa mtoto jina la babu yake au nyanya yake, jina la heshima. Nikajiambia, nimelipata! Sisi tunakiita kifo wenyewe kwa haya majina ya jalala. Wahenga walisema tembea uone. Hawakusema kila anayetembea huona.

Rosa, mke wangu, nyanya yako uliyemkuta, alijifungua mtoto wa tatu nikiwa kazini. Wazee waliningoja nifike ndipo mila ifanywe, na nilipofika mtoto alikuwa ameanza kucheka. Asubuhi hiyo baba yangu alisimama mbele ya jalala na fimbo yake, nami nikasimama mbele yake, nikasema mwanangu halazwi hapo.

"Wewe uko hai kwa sababu ya jalala hili!" akasema baba.

"Na ndugu zangu wawili waliolazwa hapa hapa wakafa?" nikamjibu.

Mwanangu, sisi watu wa Kakamega tunajua fahali wakipigana. Baba alinguruma, nami nikanguruma, kila mmoja anampenda yule mtoto, na kila mmoja ameapa kumwokoa kwa jina lake. Majirani walikuja kusikiliza. Rosa alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na mtoto kifuani. Mara mbili alifungua mdomo aseme, akaufunga, maana mkwe wa kike hakatizi maneno ya baba mkwe. Waliosema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, walimwona mtoto kama yule.

Senge Norah, dada yake baba, alikuwa amekuja kufanya kazi yake ya kupita na kuokota. Alichoka kungoja jalalani, akamwendea Rosa, akampokea mtoto. Nikaona uso wake umebadilika.

"Nyinyi wanaume," akasema, "mnabishana jina na mtoto anachemka?"

Akanigeukia mimi kwanza. "Wewe fundi, huko Nyeri uliona majina peke yake? Watoto wao wakishikwa na homa, wanapelekwanga wapi?"

Nilijua wanakopelekwa. Palikuwa na zahanati karibu na soko, na ukuta wake wa nyuma niliujenga kwa mikono yangu. Kila asubuhi nilikuwa nikiwapisha akina mama wenye watoto mgongoni wakiingia kwa daktari. Niliwaona kama watu wanaonichelewesha kazi.

Kisha akamgeukia kaka yake. "Na wewe, nimekuokotea watoto hapa mpaka mgongo umepinda. Wangapi walisikia jina wakabaki? Mimi leo siokoti. Nampeleka."

Hakungoja ruhusa ya mtu. Alitoka hadi barabara ya miwa, akasimama katikati, na trekta lililokuwa likivuta miwa kwenda kiwanda cha sukari likasimama, kwa sababu dereva alikuwa na akili ya kutomkanyaga mwanamke wa namna ile. Rosa na mtoto walikaa karibu na dereva, senge akaning'inia pembeni, nami nikafuata kwa baiskeli nikilia waziwazi, mwanamume mzima, mbele ya wakata miwa.

Hospitalini walisema ni malaria. Muuguzi aliyemtundikia mtoto maji aliniambia neno ambalo ramani yako ililirudia juzi. "Watoto wa karibu na lami hunijia wakiwa wanalia. Wa kutoka kwenu hunijia wakiwa wamenyamaza. Huyu wenu leo amelia, mshukuruni Mungu." Wangu wawili wa kwanza walinyamaza tukiwa bado nyumbani, tunauliza ni nani ametuloga.

Huyu alipona. Tulipomrudisha, mimi na baba hatukuwa na hamu ya jina lolote. Rosa, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza, alisema, "Ataitwa Lusweti, jina la baba yangu." Hakuna aliyebisha. Lusweti huyo ndiye baba yako.

Baada ya hapo baba alinishika mkono, jambo ambalo hakulizoea, akaniuliza fundi kama mimi naweza kufanya nini. Tukaanza na chemchemi, pale ng'ombe na watu walipokunywa pamoja. Tulipanga mawe, nikamimina saruji, tukaweka bomba. Akina mama wakaanza kwenda kliniki kwa makundi, senge Norah mbele. Tuliwasumbua machifu kwenye mabaraza mpaka wakatuona kero, ndipo tukapata zahanati yetu. Chanjo ikaja, vyandarua vikaja. Wekundu ule ulififia hivyo, kwa miguu ya watu, na usisikie mtu akikwambia ulipauka wenyewe kwa jua. Vijana wa siku hizi hapa hawajui kipimo cha kaburi dogo. Lakini ng'ambo ya mto, daraja likisombwa, mama mwenye uchungu bado huzuiliwa na maji.

Sasa nasikia mkeo ni mjamzito, na umeniambia atajifungulia huko kwao ng'ambo ya mto, "siku ikifika tutaona." Tutaona nini, mwanangu? Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mpeleke mjini mwezi wake ukikaribia, akae karibu na hospitali, hata kama chumba chako ni kidogo na viatu vyako vimekijaza. Mtoto akizaliwa, mpe jina lolote, la jalala au la mfalme, nitalipenda. Akichemka, hata usiku, mwamke mwende hospitali. Ukisikia mahali watoto hawafi, nenda uulize wanafanya nini, kisha ulete nyumbani ulichokiona, hata kikiwa kizito kubeba. Wala usiseme tena mbele yangu kwamba ni bahati. Wangu wawili wako pale nyuma ya migomba, na hawakukosa bahati; walikosa barabara, dawa, na baba aliyejua kuuliza.

Nenda salama. Mungu ampe mkeo nguvu na ampe mtoto sauti ya kulia kwa nguvu. Akuzeeshe mpaka meno yaishe kama yangu, na siku yako ikifika, watoto wako ndio wakuzike, wote wakiwa hai.