Finjani ya Katibu wa Timu

Mwanangu, mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Nimeingia Maskati na shati mbili, nikaosha magari Ruwi, na leo nna gereji tatu za viyoyozi vya gari, ya kwanza hapa hapa Ghubra. Skuli nimeiacha darasa la tano, na wenye digrii zao wanakuja kuniuliza. Mteja akishuka garini nnajua kama atalipa kabla hajafunga mlango. Basi kaa nikuhadithie siku niliyojiona hodari kuliko siku zote, pale binti yangu Zuwena alipotaka mpira uwe ndiyo kazi yake.

Zuwena ni kiungo. Kiungo ndiye anayekaa katikati ya uwanja, mpira unapita kwake ukienda na ukirudi. Alianza kwa kucheza na kaka zake kwenye mchanga nyuma ya nyumba, akaingia timu ya skuli, halafu timu ya wanawake inayofanya mazoezi Qurum. Mimi nikidhani anacheza kwa ajili ya afya. Lakini zikaanza simu za chumbani, mlango umefungwa. Nikipita, sauti inashuka. Nikaona hapa pana jambo.

Jioni moja nikamfuata mazoezini, nikakaa garini ng'ambo ya uwanja. Nikamwona kijana mgeni, mwembamba, kasimama kando ya mstari anampiga picha kwa simu. Timu nzima iko pale, lakini simu inamfuata Zuwena peke yake, kila anakokwenda. Nikarudi nyumbani. Mtu wa biashara anangoja.

Keshoye Zuwena akaniambia, "Baba, leo jioni kuna wageni. Wana maneno na wewe."

"Maneno gani?"

"Wamesema watakwambia wenyewe, ndiyo heshima."

Wakaja wawili. Mmoja mama wa makamo, Mwalimu Tabu, kocha wa timu ya wanawake ya Dar es Salaam iliyokuja Maskati kwa mazoezi. Wa pili ni yule yule kijana wa simu. Kumbe jina lake Fadhili, katibu wa timu. "Shikamoo mzee," akaniambia, na macho kayainamisha. Nikazidi kumtilia shaka. Adabu nyingi namna ile, mtu anataka kitu.

Nikawaweka majlisi, chumba chetu cha wageni. Zuwena na mama yangu, Bi Sharifa, wako ndani. Ikaletwa halwa, ikamiminwa kahawa. Mwalimu Tabu akanywa akasifu. Fadhili akaipokea finjani kwa mkono wa kulia, akaiweka chini mbele yake. Hakuigusa tena.

Wewe umezaliwa hapa, mwanangu, huhitaji kuelezwa. Mgeni akiweka finjani chini bila ya kunywa, ana haja, na hanywi mpaka mwenye nyumba aseme haja yake imepita. Na nyumba yenye binti, haja inayoletwa mara nyingi ni binti mwenyewe. Mimi mamake Zuwena nilimposa hivyo hivyo, kahawa yangu imepoa mbele ya baba yake mpaka nzi wakaichoka.

Mwalimu Tabu akaanza kwa mbali: binti ana kipaji, binti ana adabu, sisi huko kwetu tungependa... Macho yangu yako kwenye finjani tu. Nikamkata.

"Kijana, kunywa kahawa yako. Lako halipiti. Na nikikuona tena unampiga picha mwanangu, tutaonana vibaya."

Wakatazamana. Mwalimu Tabu akasema polepole, "Tumekuelewa mzee. Wewe ndiye baba, ni haki yako." Wakaondoka, kahawa ikabaki. Nikajiegemeza kwenye mto wa majlisi, nikala halwa yote.

Zuwena hakulia. Alivisafisha viatu vyake vya mpira, akavitia kwenye mfuko, akampa bibi yake awape watoto wa jirani. Siku ya tatu mama yangu akanijia na mfuko ule mkononi.

"Yule kijana kakukosea nini?"

"Kaja kuposa, mama. Kahawa hakuinywa."

"Ulimuuliza?"

"Nimuulize nini, na finjani iko chini?"

"Mtu wa Dar es Salaam, nani kamfundisha finjani zetu? Wewe unajisifu unawajua watu. Unayemjua ni wewe tu, kila ukimtazama mtu unajiona mwenyewe."

Zuwena alikuwa mlangoni. "Walikuja kunisajili, baba. Miaka miwili, kwa mshahara. Zile picha ni za kuwaonesha wakubwa wao."

"Na ulinificha kwa nini?"

"Kwa sababu wewe unaanza na hapana."

Nikajitetea. "Wewe mwenyewe unashuku. Nimekuona uwanjani, kila saa unageuza shingo kuangalia nani yuko nyuma yako. Umelitoa kwangu hilo."

"Nnageuza shingo kabla mpira haujanifika, baba, nijue nitampa nani."

Nikampigia simu Fadhili, nikamuuliza habari ya ile finjani. Timu ilikwisha rudi kwao. Fadhili akanijibu kwa woga, "Mzee, mimi nina vidonda vya tumbo. Kahawa nimekatazwa. Niliipokea kwa heshima yako tu." Kisha simu akaichukua Mwalimu Tabu: "Nafasi yake nitaishikilia mpaka usajili ufungwe, wiki ijayo. Ila tiketi tuliyomkatia imekufa. Mlete mwenyewe."

Nikampeleka. Usidhani niliacha kushuku. Mkataba nilisomewa na watu watatu wasiojuana. Nilitikisa kitasa cha chumba walichompa Zuwena, nikala chakula cha jikoni kwao. Fadhili nilimchukulia asali ya milimani, dawa ya tumbo. Akaipokea akacheka kidogo. "Na hii mzee, nikiiweka chini?"

"Kula," nikamwambia. "Lako limepita."

Sasa Zuwena yuko msimu wa tatu, na mkataba wameuongeza. Mechi zake nnatazama kwenye simu hapa gereji, na mafundi wote nnawalazimisha watazame.

Mwanangu, shuku, dunia inataka macho. Lakini ulilolishuku, liulize kwa mdomo wako kabla hujalihukumu, na mgeni mwachie amalize sentensi yake. Mola akupe jicho la mbele na la nyuma, akupe na sikio la kungoja, na mlango ambao mzazi wako ataufunga kwa khofu ya mapenzi, akufungulie Yeye. Kuuliza kungekuwa bure. Mimi kutokuuliza kumenigharimu, tiketi mbili na asali, riyali mia tatu na kumi na nane na baisa mia tano.