Mkate wa Kula Peke Yangu

Binti yangu hali mkate wangu. Ugali wangu anakula, maharage anakula, maziwa anakunywa, lakini mkate hapana. Akija kutoka Babati huleta wa dukani, ule uliokatwa vipande na kufungwa kwenye nailoni. Anauweka mezani na kusema, "Mama, nimekuletea mkate," kana kwamba humu ndani hapajawahi kuokwa kitu. Mimi humshukuru. Nikioka wangu anasema ameshiba. Anasema kwa adabu, na nadhani mwenyewe hajui sababu. Mimi ninaijua. Mtu mwingine aliyeijua tumemzika mwezi uliopita.

Mkate wenyewe ni wa boga. Huku kwetu juu ya Dongobesh maboga hukomaa wakati baridi inaanza, na ngano huvunwa baridi inapoisha, kwa hiyo mkate mzuri ni wa boga jipya na ngano ya mwaka jana. Boga unalichemsha na ganda lake, unalikwangua, unaliponda likiwa bado la moto. Unachanganya na unga wa mashine, wenye pumba zake, chumvi, maziwa kidogo na donge la chachu. Chachu yangu ilikuwa kipande cha unga uliokandwa safari iliyopita, nilichokihifadhi kwenye kibuyu kidogo. Kinyunya kikiumuka unakitia kwenye sufuria iliyopakwa samli na kutandikwa maganda ya mahindi chini ili mkate usiungue. Chini unaacha makaa machache, juu ya mfuniko wa bati unaweka mengi, ya magunzi, kwa sababu moto wa magunzi ni mwepesi. Nilifundishwa na mama yangu kabla sijamaliza darasa la saba. Hiyo ndiyo elimu niliyokuja nayo kwenye ndoa.

Nilipoolewa nyumba ile haikujua mkate. Baada ya mwaka mmoja jumuiya ya sala ilipangwa kwetu mara nyingi kuliko zamu yetu, na wazee walisema wazi kwamba Mungu anasikika vizuri zaidi kwa mama mkate. Wanawake walikuja kuniomba chachu. Nilimega nikawapa. Wa kwanza kupewa alikuwa mke wa mdogo wa mume wangu, ambaye nyumba yake ilitazamana na yangu, uwanja mmoja. Binti yangu alimwita mama mdogo, na mimi pia nitamwita hivyo hapa.

Miaka hiyo maduka ya Dongobesh yalianza kujaa. Kabla yake sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, sasa ikawa ya kuchagua. Nguo za mitumba zilimwagwa chini sokoni kama mahindi. Nilimnunulia binti yangu koti jekundu lenye kofia, na mdogo wake aliyezaliwa baadaye nikamnunulia soksi.

Mdogo wake alikufa akiwa na miezi mitatu, ananyonya. Alikohoa siku nne. Siku ya tano tulikuwa njiani kwenda hospitali ya Mbulu, na tulirudi kabla hatujafika.

Zamani kwetu mama aliyefiwa na mtoto wa kunyonya alikaa meeta. Maana yake anatengwa na watu mpaka mwaka uishe, asipikie mtu, asiguse vyombo vya wengine, asikaribie ng'ombe, ili kifo alichokishika mikononi kisihamie kwa wengine. Kanisa lilikataza. Katekista alikuja siku ya tatu, akasali, akasema mbele ya watu wote kwamba mambo ya meeta yamekwisha na mtu asinitenge. Mama mkwe aliitikia amina kuliko wote. Katekista alipopotea kwenye kona ya njia, mama mkwe alikusanya sufuria moja, sahani moja, kikombe na jembe, akaviweka mlangoni pa kibanda cha ndama kilichokuwa hakitumiki tena.

"Katekista analala kwake," alisema. "Mimi nina ng'ombe hapa."

Sikubishana. Nilikuwa na maziwa yanayotoka na hapakuwa na wa kuyanywa, na nilitaka tu mahali pa kulala. Binti yangu, aliyekuwa na miaka minne, alipelekwa kwa mama mdogo.

Wiki ile ile wanawake walimwaga chachu zao. Hawakuitana kikao. Kila mmoja alijua ilitoka kwangu. Mama mdogo aliimwaga ya kwake katikati ya uwanja, nikitazama, akaisukuma kwa mguu mpaka kwenye samadi. Alisema ameagizwa. Ni kweli aliagizwa kuimwaga, lakini hakuna aliyemwagiza kutumia mguu.

Mume wangu alikula kwa mama yake. Jioni alisimama hatua kama kumi kutoka kwenye kibanda na kunieleza habari za ng'ombe, yupi anakaribia kuzaa, yupi kachechemea. Maboga yalipokomaa nilioka. Nilimwambia achukue kipande. Alikuja, akakishika, akakiweka puani muda mrefu, akasema kinanukia vizuri sana. Kisha akakirudisha kwenye sahani yangu na kujifuta mkono kwenye suruali.

Niliendelea kuoka. Watu wameniuliza baadaye kwa nini. Ngano ilikuwepo, boga lilikuwepo, mikono ilikuwepo. Mama mdogo akipita na ndoo alikuwa akisema, "Dada, bado unaoka tu? Unamwokea nani, panya?" Wanawake aliokuwa nao walicheka, si sana. Nilikula mkate mzima peke yangu, siku tatu au nne, mpaka ukawa mgumu wa kuloweka kwenye chai ya rangi. Nilinenepa. Hilo nalo lilisemwa, kwamba mtoto kafa na mama ananenepa.

Lakini yote hayo ningeyavumilia. Kitu kilichonikaa ni binti yangu. Mwanzoni alikuja kila asubuhi mpaka kwenye ua wa miti ya manyara, na koti lake jekundu, akaniita. Mimi sikumkaribia, niliheshimu mwiko. Nilizungumza naye kutoka mbali. Baadaye alikuja kila siku tatu. Kisha nikamwona anapita njia ya juu, anatazama upande mwingine.

Siku moja nilioka mkate mdogo wa kwake, wa ukubwa wa ngumi, nikautia asali. Nikauweka juu ya jiwe la njiani anapopita, nikarudi mlangoni. Akaja, akauona. Alitafuta fimbo. Akausukuma kwa ncha ya fimbo taratibu, kama mtu anavyomsukuma nyoka aliyekufa, mpaka ukaanguka kwenye matope, na hapo akatupa fimbo na kukimbia. Nilimsikia akimweleza bibi yake. Mama mkwe alimsifu na kumpa yai la kuchemsha.

Nilimwuliza mtoto kwa sauti, kutoka mlangoni, kwa nini. Alinijibu akiwa na yai mdomoni.

"Mama mdogo amesema nikila cha kwako nitalala kama mtoto."

Alimaanisha mdogo wake. Yeye alikuwa amemwona kwenye sanduku.

Mwaka uliisha maboga yalipokomaa tena. Nilinyolewa, mbuzi akachinjwa, sufuria yangu ikatobolewa, sahani na kikombe vikavunjwa. Mama mkwe aliamuru chachu ya kibandani imwagwe, akamtuma mtu Dongobesh kununua hamira ya pakiti, mpya, ambayo haijamjua mtu. Kisha akaniambia nioke, watu wapo.

Nilioka mikate miwili kwenye sufuria zake. Yeye ndiye aliyekula wa kwanza, mbele ya wote, akatafuna taratibu na kusema mkono haujasahau. Ndipo wengine wakanyoosha mikono. Mume wangu alikula vipande vitatu. Mama mdogo alikula huku binti yangu amempakata, na mimi nikachukua kipande cha katikati, kilicho laini, nikaenda kumpa mtoto wangu kwa mkono wangu. Ndicho nilichokuwa nimekingoja mwaka mzima, kuliko kurudi kitandani kwangu, kuliko kushika ng'ombe.

Alijificha uso kwenye kifua cha mama mdogo. "Sitaki kulala," alisema.

Watu walicheka. Walidhani anazungumzia usingizi. Mama mdogo hakucheka, alitazama chini. Na mimi niliyoyafanya ni haya, sitayapunguza. Nilimshika mtoto taya kwa mkono wa kushoto, nikamfungua mdomo, nikautia mkate kwa vidole na kuuziba mdomo kwa kiganja mpaka nikahisi amemeza. Alikuwa na miaka mitano. Alinitazama muda wote. Nilipomwachia alitapika juu ya khanga ya mama mdogo, akamng'ang'ania shingoni, akalia akisema usiniache nilale, usiniache nilale. Maneno hayo alikuwa akimwambia yeye, si mimi.

Alirudi nyumbani kwangu baada ya wiki. Alikula chochote kilichotoka kwenye chungu cha wote. Mkate hakuugusa tena, na mimi sikumlazimisha tena. Wanawake walikuwa wamezoea hamira za pakiti, hakuna aliyerudi kuomba donge.

Miaka ikaenda. Mkoa wa Arusha ukagawanywa, tukaambiwa sisi sasa ni Manyara, na mambo ya mkoani tuyafuate Babati. Binti yangu alimaliza shule na kwenda huko kufanya kazi dukani. Mama mkwe alipofuka macho, na mimi nikawa mwanamke mkubwa wa boma. Meeta ilikuwa imeshakuwa hadithi, vijana waliicheka. Ndipo mama mdogo, ambaye alikuwa na binti mmoja tu wa miaka minne, alipojifungua wa pili kabla ya siku zake. Mtoto hakufika jioni.

Shemeji yangu alikuja kuniuliza tufanyeje. Alitegemea niseme tusali, yaishe. Hata mama mkwe, kitandani kwake, alisema siku hizi watu wameacha. Ningeweza kusema neno moja tu. Nilienda kukusanya sufuria moja, sahani moja, kikombe na jembe.

Mama mdogo aliviangalia, akaniangalia mimi. "Dada," alisema, "wewe ulikaa. Unajua kulivyo."

"Mimi nina ng'ombe hapa," nilimwambia.

Binti yake nilimchukua mimi. Sikumwambia neno baya hata moja kuhusu mama yake, na kwa miaka mingi nilijisifu kwa hilo. Sikuhitaji neno. Kila nilipooka nilimkalisha kwenye kizingiti changu, kinachotazamana na kibanda cha ndama, nikampa mkate wa moto wenye samli inayoyeyuka, na nikamwacha ale taratibu. Upande wa pili mama yake alikaa mlangoni akimenya viazi vyake. Mtoto alijifunza kuniita mama. Mwaka ulipoisha nilimnyoa mama mdogo kwa mkono wangu, sikupunguza siku hata moja, na jioni hiyo mtoto alikataa kulala kwao. Nilisema mwacheni, atazoea. Hakuzoea. Amekua kwangu.

Hatukuwahi kulizungumza, mimi na mama mdogo. Tulipalilia pamoja, tulichota maji pamoja, tulikaa benchi moja kanisani. Mwaka huu alipougua tumbo nilikuwa namwogesha. Alikuwa amebaki mifupa. Siku moja mchana, nikimkausha mgongo, nilimwomba. Nilimwambia kwamba binti yangu anakuja Jumamosi, amwambie kwamba alimdanganya alipokuwa mdogo, kwamba chakula changu hakikuwa na kitu. Nataka ale mkate wangu kabla sijafa, nilisema, sitaki kingine.

Alinyoosha mkono nimpe gauni lake.

"Nitamwambia," alisema. "Na wewe wa kwangu mwambie kwa nini ulikuwa unamlisha mlangoni."

Nilimvisha gauni. Nilimfunika. Jumamosi binti yangu alikuja, akakaa kando ya kitanda chake mchana wote, amemshika mkono, na mimi nikakaa upande wa pili. Mama mdogo alinitazama mara mbili. Alingoja nianze. Sikuanza, naye hakuanza. Alikufa Jumatano.

Kwenye msiba nilioka mimi, mikate sita, boga lilikuwa tele. Binti yangu alizunguka na sinia akiwapa waombolezaji, kila mtu akachukua. Alipobakiza kipande kimoja nilimfuata jikoni, nikamwambia, "Kula, mwanangu." Alikitazama. Nilimwona akimeza mate, na si ya hamu.

"Nitakula baadaye, mama," alisema.

Akatoka nacho. Akaenda alipokaa binti wa marehemu, peke yake kwenye mkeka, akamwekea mkononi. Yule alikula huku analia, akaokota mpaka makombo yaliyoangukia kwenye khanga. Kisha akainua uso na kunitafuta.

"Mama, upo mwingine?"

Nilimkatia.